Siku Ambazo Simu Hailii

Mama jirani yangu hapa Ndosho, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, ana kipimo chake cha usalama wa mji. Asubuhi, kabla ya kuwatuma watoto shuleni, anachungulia uani kwangu kupitia mwanya wa ua wa mbao. Akinikuta nimekaa kwenye kigoda nafuta lenzi, au nimeanika begi la kamera juani, watoto wanapewa madaftari yao na kwenda. Akikuta mlango wangu una kufuli na kusikia kwamba motari, dereva wa pikipiki, alinipitia alfajiri, watoto hawatoki. "Papa wa foto akiwa nyumbani," aliwaambia wenzake siku moja wakiwa kwenye foleni ya maji, "mujue Goma iko salama."

Anachokisema ni kweli, na kila nikikikumbuka kinaniuma. Siku anazozishukuru yeye ndizo siku ambazo mimi sina mapato. Utulivu wake na njaa yangu vinakaa kwenye tarehe ile ile ya kalenda. Sikupanga hivyo, wala sijui mpiga picha yeyote wa Goma aliyepanga hivyo. Ndivyo soko letu lilivyojengwa, na ni soko hilo ninalotaka kulichambua, pamoja na zile siku zinazoitwa za kukaa bure.

Mpiga picha wa habari wa kujitegemea hana mshahara. Mhariri wa picha, awe Paris, London, New York au Nairobi, anamwandikia ujumbe, wanakubaliana siku moja, mbili au tatu, na kila siku ina bei yake. Maombi hayo hayatawanyiki sawasawa katika mwaka. Yalikuja Novemba 2012, waasi wa M23 walipoingia Goma kwa mara ya kwanza na kukaa siku 11. Yalikuja usiku wa Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na lava ikashuka hadi Buhene, mlangoni kabisa pa mji. Na tena siku 5 baadaye, wakuu walipoamuru mitaa 10 ihame na barabara ya kwenda mji wa Sake ikafurika watu, magodoro na mbuzi. Yalikuja 2023 na 2024, waliokimbia vita walipojaa kambi za Kanyaruchinya, Rusayo, Bulengo na Lac Vert. Yalikuja mfululizo, usiku na mchana, mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouchukua mji tena. Kati ya tarehe hizo kuna miezi mizima ambayo mji ulioa na kuozesha, ulijenga, ulifanya mitihani ya serikali, ulikwenda uwanja wa Unité kuwatazama DC Virunga na Dauphins Noirs, na simu yangu haikulia hata mara moja.

Miaka zaidi ya kumi katika kazi hii imenifikisha kwenye imani moja ambayo niko tayari kuitetea mbele ya yeyote: picha hutengenezwa siku ambazo simu hailii. Siku ya kazi tunakwenda kuvuna. Anayelipa siku ya mavuno peke yake anakula jasho la siku nyingine asizozijua, na shamba likikauka atashangaa.

Hesabu haikuwa hivi zamani. Kwa miaka mingi picha za Kivu zilipigwa na wageni. Mpiga picha alishuka Kigali, akavuka mpaka Gisenyi, akalala hotelini Himbi kando ya ziwa. Gazeti lake lilimlipia tiketi, hoteli, gari na dereva, na mtu wa hapa wa kumwongoza, kumtafsiria, kumtafutia vibali na kumtambulisha kwa mkuu wa kambi. Siku zake za safari zilihesabiwa, walau kwa nusu ya bei. Siku aliyokaa hotelini kwa sababu barabara imefungwa ilihesabiwa pia. Wengi wetu tulianzia hapo: tulikuwa waongozaji wa wapiga picha, kamera zetu ndogo zikiwa mkobani, tukijifunza kwa kuangalia mgeni anasimama wapi na jua liko wapi.

Machi 2020 ikaja korona. Ndege zikaacha kutua, mpaka na Rwanda ukafungwa, na wahariri waliobaki na kurasa tupu wakaanza kutuandikia sisi. Mlango ule haukufungwa tena. Leo picha za Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo, vijana wa Kivu hii hii, zinachapishwa na magazeti na mashirika makubwa ya habari, na naona fahari kila nikisoma jina la mmoja wao chini ya picha.

Lakini kazi ilipohamishwa kutoka mikononi mwa mgeni kuja mikononi mwa mwenyeji, kuna kitu kiliachwa njiani. Bei ya siku ilikuja. Yote yaliyoizunguka hayakuja. "Wewe si uko hapo hapo?" mhariri mmoja aliniuliza nilipomwandikia kuhusu nauli ya kwenda Sake. Niko hapa, ndiyo. Na kwa kuwa niko hapa, mimi ndiye mwongozaji, mkalimani, mtafuta vibali, mjua njia na mpiga picha. Kazi za watu watano kwenye malipo ya mmoja. Kuishi Goma kumehesabiwa kuwa kitu kisicho na gharama, kana kwamba ujuzi wa mwenyeji unaota wenyewe kama majani ya kando ya barabara. Mgeni alilipwa kwa kutoijua Goma, maana kutoijua kulikuwa na gharama zinazoonekana: gari, mkalimani, usiku wa hoteli. Mwenyeji anaijua, na kwa sababu hiyo hiyo kuijua kwake hakulipwi. Nimewaeleza hivi wahariri watatu kwa nyakati tofauti, na wote watatu walikubali kwamba ni kweli kabla ya kuniambia bajeti ni ile ile.

Chukua siku moja ya kazi uone inavyokula nyingine. Gazeti linataka picha za wanawake waliotoka kambini na kurudi vijijini kwao. Limelipia siku moja. Siku mbili kabla yake niko kwenye simu na kwenye pikipiki: chefu wa eneo, karatasi ya kibali, katekista anayewajua wale wanawake, na mama mmoja anayetaka kwanza kuniona uso kabla ya kusema ndiyo. Siku yenyewe inaanza alfajiri, kwa sababu mwanga wa Goma ni mzuri kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo jua linasimama juu ya kichwa, na ardhi yetu haisaidii. Penye mchanga au udongo mweupe, mwanga hugonga chini na kurudi usoni. Lava nyeusi inaumeza. Ukimpiga mtu picha saa sita mchana huku Majengo au Ndosho, macho yake yanabaki mashimo mawili, na msomaji wa mbali anadhani ni huzuni. Nimeona picha nyingi za Goma zilizosifiwa kwa huzuni yake, na nilipotazama vizuri niliona ni saa sita ya mchana.

Narudi na picha 600. Usiku ni wa kuchagua, kutoa 20, kuandika maelezo ya kila moja: nani, wapi, lini, anafanya nini, jina linaandikwaje, amekubali litajwe au amekataa. Picha moja ghafi ya kamera ya kisasa ina megabaiti 30 hadi 50. Hata nikishazipunguza, nasubiri saa nane ya usiku, watu wakiwa wamelala na mtandao umepata nafasi, ndipo zipande. Umeme ukikatika nazima kila kitu, natunza betri ya kompyuta kwa ajili ya kutuma tu. Siku tatu na usiku mzima zimekwenda hapo. Nalipwa moja.

Na hiyo moja haiji kesho. Ankara, ambayo huku tunaiita faktire, inakaa siku 30, mara nyingi 60. Tangu benki za biashara zilipofunga milango Goma mwaka 2025, fedha iliyofika kwenye akaunti haijafika mkononi: ni kuvuka kwenda kuitafuta Gisenyi, au kumwendea mtu anayetoa kwa simu na kukata asilimia yake. Ikifika mkononi ikiwa dola, na noti ina mpasuko mdogo kama ukucha, hakuna duka Birere litakaloipokea.

Sasa hizo siku tupu. Nikisema tupu natumia lugha ya wanaolipa.

Asubuhi ni ya vyombo. Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa na magurudumu, lina makali. Likiingia kwenye pete ya lenzi unasikia linakwaruza kama mchanga kwenye meno. Napuliza kwanza kwa kipira cha hewa ndipo nafuta, maana anayeanza kwa kufuta anachanja kioo chake mwenyewe. Ziwa nalo linaleta unyevu. Lenzi iliyofungiwa begini wiki nzima ya mvua inaota kuvu ndani, nyuzi nyembamba kama za buibui, na zikishashika sana kioo hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Ndiyo sababu ya kuanika begi juani, ile ishara ya amani ya mama jirani. Kisha kuna shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga kila unapobonyeza. Watengenezaji hukipima kwa picha 150,000 au 200,000 kutegemea aina ya kamera. Changu kimeshapita namba hiyo. Kikifa, kamera itabidi itafutiwe njia ya kufika Nairobi, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mapigano ya Januari 2025. Kwa hiyo nakisikiliza kila asubuhi, kama mtu anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

Mchana ni wa diski: kupanga, kufuta, kuandika majina ya watu na mitaa wakati bado nawakumbuka. Nina nakala tatu za kila kitu, moja nyumbani, moja kwa dada yangu Bukavu, moja inayopanda mtandaoni kidogo kidogo usiku. Mji uliokimbia volkano mara mbili katika muda usiofika miaka 20 umetufundisha kutoweka vyote chini ya paa moja.

Alasiri natoka kutembea bila kamera. Hili ndilo gumu zaidi kuwaeleza vijana wanaoanza, ambao wanaona aibu kutoka nje bila kamera shingoni kama askari aliyesahau bunduki.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nakwenda Kituku. Ni bandari ndogo na soko, upande wa Kyeshero, ambako boti za kutoka Minova na Idjwi zinashusha ndizi, makaa, mihogo na watu. Nilinunua sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa mama mmoja, nikageuza bidoni yake, dumu la plastiki, nikakaa, nikasikiliza bei na malumbano. Miezi ya mwanzo hakuna aliyenipa neno. Watu wa Kituku walikuwa wameshapigwa picha na wengi waliokuja mara moja na kutoweka. "Munatupigaka foto, munaenda, hatuonake kitu," mbeba mizigo mmoja aliniambia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananieleza tu mambo yalivyo. Alikuwa mdogo wake yule mama wa sambaza. Nilipokuja siku moja na kamera nikamwomba nimpige, alikataa nisimchukue na mzigo. Aliniambia nirudi kesho. Kesho yake alikuja amevaa shati lake la Jumapili, jeupe, vifungo vimefungwa hadi shingoni, akasimama mbele ya maji mikono nyuma. Nikaichapisha kwenye karatasi, nikampelekea. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa Kituku.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi ilitoka Minova imejaa kupita kiasi, maana vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake na watu hawakuwa na njia nyingine ya kufika Goma ila ziwa. Ilipinduka mbele ya Kituku, karibu hivi kwamba watu wa ufukweni waliiona ikilala ubavu. Simu yangu ililia kabla sijafika. Nilipofika, wenye kamera na wenye simu walikuwa wamejaa, na watu wa Kituku walikuwa wanawafukuza. Walikuwa na haki. Mimi waliniachia njia.

Yule mama wa sambaza alikuwa amekaa chini, kitenge kimemfunika kichwa. Aliniona. Akainua kiganja, kidogo tu. Nikaishusha kamera, nikakaa karibu naye hadi giza. Picha nilizotuma usiku ule zilikuwa za mbali: migongo ya watu waliosimama kimya wakitazama maji. Mhariri alitaka nyuso. Sikuwa nazo, na sikuomba radhi.

Siku tatu baadaye mama yule alinitafuta. Hakutaka picha za ajali. Alitaka ile ya shati la Jumapili, kwa ajili ya matanga, kwa sababu nakala ya karatasi mdogo wake alikuwa amesafiri nayo. Niliichapisha kubwa. Ikawekwa juu ya meza pale kwenye kilio, na kila aliyeingia alisimama mbele yake kwanza ndipo akatafuta pa kukaa.

Kwa hesabu ya soko, picha ya shati haina thamani. Hakuna aliyeiagiza, hakuna aliyeinunua. Ile ya migongo ililipwa. Lakini hata ile ya migongo isingepatikana na mtu ambaye hakuwahi kukaa juu ya bidoni pale, akinunua sambaza siku ambazo simu haikulia. Aliyeilipia alipata miaka mitatu kwa bei ya siku moja. Hakujua, na mkataba wake hauna mahali pa kumjulisha.

Sisemi picha za maafa zisipigwe. Mabomu yalipoangukia kambi za Mugunga na Lac Vert tarehe 3 Mei 2024, kuwapo kwa kamera ndiko kulikofanya wale watoto wasizikwe kimya kimya. Historia yetu inajua nguvu hiyo. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, amekaa barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa. Picha zake zilitembezwa Ulaya na Marekani, zikasaidia kuuvunja utawala binafsi wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji juu ya Kongo, ambao uliisha 1908. Ninamheshimu mama yule. Kinachonisumbua ni kilichofuata: kwa miaka zaidi ya 100 dunia imezoea kuichungulia Kongo kupitia dirisha lile lile, na soko la picha limejipanga mbele ya dirisha hilo.

Kinshasa ilipata bahati ya kuwa na dirisha lingine. Miaka ya 1950 na 1960 Jean Depara alizunguka na kamera yake kwenye baa, kwenye dansi, kwenye bwawa la kuogelea, akiwapiga vijana waliovaa wakapendeza. Ni picha za mapumziko: za watu waliotoka kazini. Alifariki 1997, na mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa Paris kwenye ukumbi wa Fondation Cartier. Mkongo wa leo akitaka kujua bibi yake alicheka vipi, alisuka vipi, alimwegemea nani siku ya Jumamosi usiku, anakwenda kwa Depara. Picha za habari za miaka ile zinamwonyesha mawaziri na maiti.

Na Goma? Kulikuwa na studio ya picha mtaa wa Murara. Muzee mwenye studio ile alianza kazi miaka ya 1970: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, vijana waliopiga pozi mbele ya pazia lililochorwa ziwa na minazi ambayo Kivu haina. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilishusha lava katikati ya mji, ikapita uwanja wa ndege, ikapita Murara. Ikapita studioni. Negativu za karibu miaka 30 ziliungua siku moja. Muzee aliniambia kwamba watu waliendelea kumjia kwa miaka mingi baadaye na swali lile lile: "Muzee, ile foto ya mama yangu uliipiga wewe. Hauna ingine?"

Ukitafuta leo picha za Goma ya 2002 utapata moshi, moto, na watu wenye magodoro kichwani. Zipo nyingi, na nzuri. Goma iliyokuwa chini ya lava ile, Goma ya minazi ya kuchorwa, hutaipata, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kuwa inafaa kununuliwa. Hilo ndilo jambo ninalowaomba wahariri walifikirie. Bei inayolipa msiba peke yake hainyimi mpiga picha chakula tu. Inaamua mji utakumbukwa vipi.

Wapo wanaosema siku tupu zijazwe na kazi za mashirika ya misaada. Nimezifanya, na zimenilipia ada za watoto. Lakini mikataba yake mara nyingi inachukua haki zote za picha kwa maisha yote, na picha yenyewe imeshaamuliwa kabla hujafika: mtoto, kikombe, nembo. Tangu Marekani ilipokata fedha za misaada mwanzoni mwa 2025 hata hizo zimepungua. Harusi za Jumamosi zinabaki. Wenzangu wengine huzifanya kwa kujificha, kana kwamba zinachafua jina. Mimi naziweka kwenye diski ile ile na picha za vita, kwa uangalifu ule ule, kwa sababu ya muzee wa Murara.

Kupumzika kwenyewe ni suala lingine. Kukaa nyumbani bila kazi huku sikio limeelekezwa upande wa Sake si kupumzika. Baada ya Januari 2025 nilikaa wiki tatu siwezi kutazama picha zangu. Nilikuwa nafungua folda, naona ya kwanza, nafunga. Rafiki zangu kadhaa wameondoka, Kampala, Nairobi, Kinshasa, na kila mmoja amebeba diski zake kama wengine walivyobeba watoto. Kazi hii haikufundishi namna ya kuishusha begani. Kilichonisaidia ni ziwa, maana Kivu haina mamba, na asubuhi pale Himbi unaweza kuogelea ukiwa na akili tupu kweli kweli. Kingine ni kwaya. Mimi ni sauti ya chini, safu ya nyuma, na Jumapili simu yangu inakaa kwa mke wangu. Mhariri mmoja aliacha kuniita kwa miezi kadhaa kwa ajili ya hiyo Jumapili. Baadaye alirudi.

Ninachokidai kinaenea kwenye nusu ukurasa. Siku ya maandalizi ilipwe nusu bei, kama ilivyolipwa siku ya safari ya mgeni. Kazi ikifutwa asubuhi yenyewe, ilipwe, kwa sababu motari nimeshamlipa na yule mama nimeshamwahidi. Picha ikodishwe kwa muda, kisha irudi kwangu; nchi hii ina sheria ya haki za mtunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na mpiga picha ni mtunzi. Kofia, vesti na bima viwe sehemu ya makubaliano. Kuhusu hilo la usalama hatuombi kitu kipya: kanuni za 2015 za ACOS Alliance, muungano wa kutetea usalama wa waandishi wa kujitegemea, ambazo vyombo vingi vikubwa vya habari vimetia saini, zinataka mwandishi wa kujitegemea na wa mahali husika ajaliwe kama aliyeajiriwa. Saini iko. Tunasubiri ishuke hadi kwenye faktire.

Nasi tuna sehemu yetu. Tunapunguziana bei kwa siri, mwenzako akitaja kiasi fulani wewe unashuka chini yake usiku huo huo, na mhariri anajifunza kwamba Goma hakuna sakafu ya bei. Hilo hatuwezi kumlaumu mtu wa Paris.

Kwenye faktire zangu mbili za mwisho niliongeza mstari: siku 2 za maandalizi, nusu bei. Mhariri mmoja alilipa bila neno. Mwingine aliandika kwamba hana fungu la kitu hicho, na hajanitafuta tena. Mstari nimeuacha pale pale.

Siku tupu za miezi hii nimezipa kazi moja. Mimi na muzee wa Murara tunakwenda nyumba kwa nyumba kwa wateja wake wa zamani, wale waliokimbia 2002 na picha mkononi, kifuani, ndani ya Biblia. Tunaziweka mezani karibu na dirisha, nazipiga upya bila flashi, yeye ananitajia majina nayaandika. Tumefika nyumba 13. Jumanne iliyopita, huko Katindo, mama mmoja alitoa picha ya harusi yake ambayo kona moja imeungua. Muzee aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akakuta mhuri wa studio yake na namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa chini. Nikasubiri. Mwanga wa dirishani ulikuwa bado mzuri kwa nusu saa nzima.